Afande, Zunguka Hadi Nyuma ya Tela

Watu wengi wa mjini huliona lori lenye tela kuwa kero ya njiani. Hulichelewesha basi, hufunga barabara likiharibika, na usiku huwatia hofu wanaolifuata. Ni wachache wakumbukao kwamba unga wa nyumbani, saruji ya kujengea na mbao za kitanda wanacholalia vilifika mjini mgongoni mwa tela. Kwa sababu hiyo usalama wa chombo hiki si shauri la madereva na askari peke yao. Ni shauri la kila familia inayokula, inayojenga na inayosafiri.

Nimekulia katika nyumba ambamo tela lilizungumzwa kana kwamba ni mtu. Marehemu babu yangu, mzaa mama, alianza kazi ya utingo katika njia ya Zambia, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao Novemba 1965. Zambia ililazimika kutafuta njia nyingine ya kupitishia mali yake. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikafuata katikati ya miaka ya 1970. Kabla ya hapo malori na matela yake yalipandisha mapipa ya mafuta na kuteremsha shaba katika barabara ya udongo, ambayo wageni waliibandika jina la Njia ya Jehanamu.

Babu alizoea kusema kwamba kichwa cha lori kina macho, lakini tela ni kipofu anayeshikwa mkono. Kila waliposimama alilizunguka na nyundo, akagonga tairi moja moja na kusikiliza mlio wake. Wakimaliza mteremko alisogeza kiganja karibu na kila gurudumu. Gurudumu lililopata moto kupita kiasi lilimtia wasiwasi, lakini lililo baridi kabisa lilimtisha zaidi, kwa kuwa breki yake haikuwa imeshika hata kidogo.

Hekima ile haijapitwa na wakati. Leo sheria ya kudhibiti uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2016, inaruhusu gari lenye ekseli saba kufikia jumla ya tani 56. Sheria zetu za usalama barabarani zinaliwekea gari zito lililozidi tani tatu na nusu mwendo usiopita kilomita 80 kwa saa, na kilomita 50 katika makazi ya watu. Kwa kilomita 80, gari husogea mita 22 hivi katika sekunde moja. Kabla dereva hajainua mguu wake kuukanyagia breki, lori na tela vimekwisha kupita urefu wao wenyewe.

Hatari hasa imo katika maungio. Upepo wa breki hutoka kichwani kwenda telani kwa mipira miwili. Mmoja hulipa tela akiba yake ya upepo. Ukikatika, breki za tela hujifunga zenyewe. Wa pili hupeleka amri ya mguu wa dereva. Huo ukipasuka, kichwa hupunguza mwendo na tela halina habari. Mzigo wote wa nyuma humsukuma aliye mbele, na penye kona tela hujikunja na kuifagia barabara nzima.

Niliyaona hayo kwa karibu niliposafiri na shemeji yangu, dereva wa lori lililobeba mbao kutoka Mafinga kwenda Dar es Salaam. Tulisimamishwa mara mbili kabla ya Kitonga. Mara zote mbili mambo yalikuwa yale yale: leseni, bima, kizimamoto, pembetatu, kisha mkono ukapungwa twende. Hakuna aliyepiga hatua kumi na tano kwenda nyuma. Tela lina namba yake ya usajili, taa zake na breki zake, lakini lilipita kama mtoto aliyefichwa chini ya kanga ya mama yake.

Mara ya tatu, karibu na kilele cha mteremko, askari wa kike aliyekuwa na tochi hakuanza na karatasi. Alizunguka hadi nyuma. Akatazama taa, akainama penye maungio, akamwambia shemeji akanyage breki na kushikilia. Sote tulisikia mlio mwembamba, kama wa nyoka majanini. Mpira wa pili ulikuwa na ufa.

"Kaka, huku chini utakanyaga mara ngapi?" akauliza. "Na upepo ukiisha katikati ya kona, utamwita nani?"

Shemeji akanuna. "Afande, nimepita vituo viwili wala sikuambiwa kitu."

"Hao hawakusikia. Mimi nimesikia. Gari halishuki."

Tulikaa pale saa nne. Utingo alikwenda kwa pikipiki kutafuta mpira mwingine. Mwenye gari alipiga simu mara tatu, akimlaumu dereva kwa kuchelewesha mzigo, na hata mara moja hakuuliza kilichoharibika. Nilimsikia shemeji akijibu "ndiyo mzee, ndiyo mzee," kwa sauti ya mtu anayejua kwamba posho ya safari ijayo imo mkononi mwa huyo anayemsikiliza. Alfajiri tuliteremka Kitonga kwa gia nzito, polepole. Upande wa pili mabasi yalikuwa yanapanda, yamejaa watu. Shemeji hakusema neno mpaka tulipofika chini. Akashuka na kuanza kuzunguka magurudumu ya tela, kiganja kimenyooshwa.

Nawasikia wengine wakisema kwamba askari ni wachache, magari ni mengi, na mvua hainyeshi kwa ratiba. Ni kweli. Lakini ukaguzi ule wa breki, tangu tochi ilipowashwa hadi mlio uliposikika, haukuzidi dakika tano. Kuandika faini ya kizimamoto kilichopitwa na wakati nako huchukua dakika. Swali ni dakika hizo zitumike kwa kosa lililo jepesi kuonekana au kwa lile linaloua. Mizani nayo hutuambia tela lina uzito gani. Haituambii kama litasimama.

Wenye magari nao wasijifiche nyuma ya usukani wasioushika. Dereva aliyenyimwa fedha ya mpira wa breki, kisha akaharakishwa kwa simu, hakuchagua peke yake kushuka mlima na tela bovu. Iwapo faini na lawama zitamwishia yeye, mpira wenye ufa utarudi barabarani wiki ijayo ukiwa na dereva mwingine.

Na sisi wananchi tunalo letu. Mwendesha bajaji au pikipiki asijipenyeze ubavuni mwa lori linalokata kona, kwa kuwa magurudumu ya tela hupita ndani zaidi kuliko yale ya mbele. Mzazi asiwaruhusu watoto kudandia tela la trekta linalotoka shambani. Anayevuta gari bovu usiku kwa kamba isiyoonekana, na anayeacha matawi barabarani baada ya kutengeneza lake, wajue kwamba wamewatega wenzao.

Tena abiria wa basi lililosimamishwa nyuma ya lori linalokaguliwa asimpigie askari kelele za kumharakisha. Akimwona anazunguka na tochi hadi nyuma ya tela, amwache amalize kazi yake. Mbele yao wote wawili kuna mteremko.