Jua la Digrii Saba

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Leo mwalimu wa fizikia amefungua mada ya mawimbi. Mimi, kama kawaida, nakaa pembeni na vijana wangu watatu wa Kivu nikiwapitisha kwenye somo kwa Kiswahili. Shule za Sweden hutoa msaada huu kwa mwanafunzi ambaye Kiswidi bado kinamlemea.

Kitabu kina mchoro ule ule wa mawimbi ya sumakuumeme: visanduku saba vya rangi, redio kushoto, gama kulia, mipaka imepigwa wino mweusi. Siupendi. Mtoto ataondoka akiamini kuna vitu saba. Kitu ni kimoja, kinakwenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kinachobadilika ni urefu wa wimbi. Visanduku vimefuata wagunduzi na vyombo vyao. Mwaka 1800 Herschel aliweka kipimajoto kando ya mwanga mwekundu, pasipoonekana kitu, akakuta joto. Mwaka uliofuata Ritter akaenda upande wa pili, kupita urujuani, na chumvi yake ya fedha ikageuka nyeusi.

Jumatano, 4 Desemba

Redio. Hapa Stockholm idhaa ya P1 iko megahezi 92.4. Gawa 300 kwa 92.4, unapata mita 3.2 na ushei. Vijana wawili wakalala sakafuni, utosi wa mmoja kwenye nyayo za mwenzake, wakaukaribia huo urefu. Mmoja akakumbuka babu yake huko Uvira akihangaika kutafuta "mita 31". Basi babu alikuwa anatafuta urefu wa wimbi! Masafa mafupi hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini, ndiyo maana sauti ya Ulaya ilifika mpaka ziwa Tanganyika bila mnara wowote njiani.

Jumatatu, 9 Desemba

Tumeazimwa jiko la shule. Ukiondoa sahani inayozunguka ndani ya maikrowevu, chokoleti huyeyuka sehemu sehemu, si yote. Kutoka doa hadi doa ni karibu sentimita 6, yaani nusu ya wimbi. Zidisha mara mbili, kisha zidisha kwa marudio yaliyobandikwa nyuma ya mashine, megahezi 2,450: mita milioni 294 kwa sekunde. Kasi ya mwanga, kwa rula na peremende! Ushahidi ukaliwa papo hapo.

Ijumaa, 13 Desemba

Sikukuu ya Lucia. Wasichana wenye mishumaa kichwani, na nje giza mpaka saa mbili na nusu asubuhi. Kwenye kituo cha treni cha Rågsved, mchana, binti mmoja akaniuliza:

"Mwalimu, mbona jua ya huku inaangaza lakini haina nguvu?"

Swali hilo lilinifurahisha kuliko kipindi kizima. Nikamwambia apime kwa mkono ulionyooshwa: adhuhuri ya Desemba jua la Stockholm halipandi zaidi ya digrii saba hivi. Miale inakuja kwa mshazari, ikipenya hewa karibu mara nane ya ile ya jua la utosini. Mwanga mwekundu na wa njano unapita. Urujuani-juu ule wa kutengenezea vitamini D ngozini unaishia kwenye ozoni. Kwao Kivu, jirani na ikweta, haukosekani mwaka mzima. Akasema, "Ndiyo maana mama anatupa matone kila asubuhi." Ndiyo maana, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kutengeneza kiasi kile kile.

Jumatatu, 16 Desemba

Mama yake yule binti amekuja kunisubiri mlangoni.

"Shikamoo mwalimu. Ule mnara wa simu juu ya jengo, hautatuharibia damu?"

Nilimweleza kwamba chembe moja ya mwanga wa taa ya jikoni ina nishati zaidi ya mara laki moja ya chembe ya wimbi la simu. Mawimbi ya simu yakizidi sana hupasha joto, na kuna viwango vya kuyadhibiti. Kuivunja atomi hayawezi.

"Na hospitali, mbona wakipiga picha ya mfupa wao wanatoka nje?"

Kwa sababu eksirei inaiweza atomi: inang'oa elektroni, na mhudumu anapiga picha siku nzima, mgonjwa mara moja. Uwezo huo huanzia ndani ya urujuani-juu, tena si mahali pamoja kwa kila atomi. Kwenye mchoro wa kitabu hakuna alama yoyote hapo. Nimemwomba mwalimu wa fizikia Januari tuanze na swali la mama huyu, visanduku vifuate baadaye. Amekubali, ila anataka kwanza amalize mawimbi ya sauti.