Barua Kutoka Houston: Mzee Wetu na Medicare



Ndugu zangu wa Bariadi, mnauliza kwa nini mzee wetu wa Maswa amestaafu na bado hajarudi. Kinachomshika ni Medicare, bima ya afya ya wazee ya Marekani, ambayo sheria yake ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson mwaka 1965.

Mzee alitimiza miaka 65 akiwa na COBRA, yaani bima ya kazini ambayo mtu huendelea kuilipia mwenyewe baada ya kuacha kazi. Jamaa wa hapa wakamwambia atulie, bima anayo. Walikuwa watu wema, mmoja wao muuguzi. Ila sheria haiihesabu COBRA kuwa bima ya mtu aliye kazini. Muda wa kujiandikisha ni miezi 7: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Ukiupitisha bila sababu inayokubalika, kila miezi 12 kamili ya kuchelewa huongeza asilimia 10 kwenye ada ya Sehemu B, ile inayolipia madaktari, na kwa kawaida nyongeza hiyo haiondoki tena. Mwaka 2025 ada ya kawaida ilikuwa dola 185 kwa mwezi; aliyechelewa miaka miwili aliongeza dola 37. Kila mwezi!

Wema wa jamaa si utaalamu: kwetu pamba ikiingiwa na funza wa vitumba tunamtafuta afisa ugani, hata kama fundi baiskeli ni rafiki yetu wa damu. Huku wapo mawakala wa bima, na wengine kazi wanaijua hasa, lakini hulipwa kamisheni na kampuni. Mimi ningeanzia kwa washauri wa Medicare wa mpango uitwao SHIP: wapo kila jimbo, hawauzi bima, hawatozi hata senti.

Nao waulizwe swali letu sisi: nikirudi nyumbani Simiyu je? Medicare, isipokuwa kwa nadra sana, hailipi matibabu nje ya Marekani. Sehemu A, ya hospitali, haina ada ya mwezi kwa aliyefanya kazi na kulipa kodi ya Medicare miaka 10, hivyo haimgharimu kubaki nayo. Sehemu B ndiyo mtihani: aendelee kuilipia akiwa Bariadi, au aiache, na siku akirejea Marekani akutane na adhabu?

Mwenye mzazi huku aliyefikisha miaka 64, mpigie simu wiki hii. Mwambie amtafute mshauri wa SHIP na amweleze wazi kwamba anafikiria kurudi nyumbani, maana akilazwa hospitali ya Somanda au ya Bugando, Medicare haitalipa.