Kiasi cha Mashine Kinachotosha

Mwaka jana niliingia duka moja la Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, hali fedha zilizokuwa mfukoni mwangu si zangu. Zilikuwa michango ya wazazi wa darasa langu la jioni, nami niliaminiwa kuzigeuza kompyuta. Nilipoonyesha kompyuta mpakato nne zilizochakaa, muuzaji alinitazama kwa huruma. "Mwalimu," alisema, "hizo hazipokei hata Windows 11. Chukua hii moja mpya uheshimike."

Hakusema uongo. Mfumo endeshi huo hudai kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, na chipu ya usalama ambayo mashine kuukuu aghalabu hazina. Lakini mimi sikutaka wanafunzi wautumie mfumo tu. Nilitaka waupasue tumbo waone matumbo yake. Ipo mifumo midogo iliyoandikwa kwa kazi hiyo. Andrew Tanenbaum wa Amsterdam alitoa MINIX mwaka 1987, mistari ipatayo 12,000, nayo iliendeshwa kwa diski laini bila ya diski ngumu. Chuo cha MIT kilianza xv6 mwaka 2006, kwa kufuata Unix ya mwaka 1975. Siku hizi xv6 huridhika na megabaiti 128, tena ndani ya mashine ya kuigiza.

Udogo nao una mpaka wake. Prosesa 8088, iliyoibeba MINIX ya kwanza, haikuwa na njia ya kuzuia programu moja isivamie kumbukumbu ya nyingine. Kufundisha ulinzi juu ya chombo kisichoweza kulinda ni kufundisha kuogelea mchangani. Basi nilihesabu hivi: prosesa yenye kutenga kumbukumbu, saa ya kuikatiza programu ing'ang'aniayo zamu, kibodi na kioo, na nafasi ya kumweka mwigizaji pamoja na programu ya kufasiri msimbo. Zile nne zilikuwa na gigabaiti 2 kila moja. Nikazinunua.

Baba mmoja alikuja juu. "Mwalimu, tumekupa fedha, ukatuletea vyuma chakavu?" Nilinyamaza. Betri zote zilikuwa zimekufa, na juzi yake umeme ulipokatika somo zima lilizimika. (Nchi yetu yenyewe ilipata kuziogopa mashine hizi: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza.) Nilimsihi abaki jioni ile.

Binti yake alibadili mistari miwili ya sehemu inayogawa zamu. Mfumo ukaganda, ila ndani ya mashine ya kuigiza tu, kompyuta haikudhurika. Akauzima, akasoma upya, akagundua kuwa amesahau kuifungua kufuli aliyoifunga. Alipouwasha mara ya tatu, ukaitika.

Baba akavuta kiti karibu. "Na kufuli hiyo, mwanangu," aliuliza, "inafunga nini?"