Njia ya makala: kinga na makamyo kuingia Lubumbashi



Juma hili tunawapeleka barabarani. Hatuendi mbali. Tunafuata gunia la makala kabla halijafika kwenye mbabula yako, maana watu wanaolileta wanapita mahali pa hatari kila siku, na sisi tunaolinunua tunaweza kuwapunguzia hatari hiyo.

Mji wetu una barabara chache kubwa za kuingilia. Ya Kasenga inatoka kaskazini-mashariki, upande wa uwanja wa ndege wa Luano. Ya Kipushi, kilometa 30 hivi, inatoka kusini-magharibi na kupita Kisanga. Ya Likasi, kama kilometa 120, inatoka kaskazini-magharibi. Ya Kasumbalesa, karibu kilometa 90, inatoka mpaka wa Zambia. Katika njia hizi vinakutana vyombo viwili visivyolingana: kamyo la madini lenye tela nyuma, na kinga ya papa wa makala.

Simama pembeni asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba, wakati baridi bado inauma. Utaiona kwanza mizigo, watu baadaye. Magunia yamepangwa juu ya kinga, mengine yamesimama nyuma, mengine yanalala ubavuni, yote yamefungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu. Papa mwenyewe hapandi. Anasukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mzigo. Penye mteremko anakimbia nayo au anapanda kidogo, na hapo breki yake mara nyingi ni kisigino cha ndala. Kinga ya namna hii si nyembamba tena. Inachukua nafasi kubwa ya barabara, haiwezi kukwepa haraka, wala haiwezi kusimama ghafula. Dereva anayedhani anapita kinga ya kawaida anakosea hesabu.

Kuna jambo lingine hapa kwetu ambalo halipo katika miji yote. Nchini Kongo tunapita upande wa kuume wa barabara. Lakini magari mengi ya Lubumbashi yalinunuliwa yakiwa yametumika huko Japani, na usukani wake uko kuume. Makamyo yanayochukua shaba na kobalti kupitia Kasumbalesa nayo yanatoka sana Zambia, Tanzania na Afrika ya Kusini. Huko kote wanapita kushoto, kwa hiyo usukani uko kuume.

Maana yake ni nini kwa mtu wa kinga? Dereva wa gari kama hilo ameketi upande wa majani. Ukingo wa kuume anauona vizuri. Upande wa kushoto ndio unaomficha mambo. Akitaka kulipita kamyo lililo mbele yake, hawezi kuchungulia tu. Lazima atoe karibu gari zima katikati ya barabara ndipo aone kinachokuja. Basi wewe unayekuja na kinga kutoka upande ule mwingine, ukiona kamyo linakukaribia, usiliangalie kamyo peke yake. Angalia nyuma yake. Ikiwa kuna gari dogo limelifuata karibu sana, shuka kwenye udongo mapema, kabla halijachomoka.

Makamyo mengine, hasa ya hapa nchini, yana usukani kushoto. Hayo yanaficha upande wa kuume, pale pale kinga inapopita. Kwa kuwa hujui ni lipi liko nyuma yako, shika kanuni moja inayofaa kwa yote: usipouona uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, jua kwamba yeye naye hakuoni. Usisimame ubavuni mwa kamyo lililosimama, hata kama nafasi inaonekana ya kutosha. Likikata kona ya kuume, kichwa kinakwenda mbali kwanza, lakini magurudumu ya tela yanakuja ndani na kufagia ukingo wote. Watu wengi wanaogopa kichwa cha kamyo. Kwenye kona, cha kuogopa ni mkia.

Kamyo likipita kwa mbio, upepo wake unakusukuma kwanza nje, halafu unakuvuta ndani. Kinga tupu inayumba. Kinga yenye magunia inaweza kuanguka. Papa anayesukuma afadhali awe upande wa majani, na mzigo uwe upande wa lami. Hapo, mambo yakiharibika, anaweza kuachilia na kuruka. Makala yatamwagika, lakini mtu atabaki.

Sasa tuseme habari ya giza. Papa wa makala anaondoka usiku ili afike sokoni mapema. Wakati wa kiangazi kuna vumbi, na moshi wa majani yanayochomwa unalala chini asubuhi. Yeye amevaa nguo zilizokuwa nyeusi kwa makala, na mzigo wake ni mweusi. Gari linalokwenda kilometa 60 kwa saa linapita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akishtuka, sekunde kama moja inapita kabla mguu wake haujakanyaga breki. Hata lami ikiwa kavu na breki nzuri, gari dogo litakwenda zaidi ya mita 35 kabla ya kusimama. Kamyo lenye shehena linahitaji mita nyingi zaidi. Mtu mweusi mbele ya mzigo mweusi anaonekana akiwa karibu kuliko hapo. Ndiyo sababu dereva anasema, «sikumwona,» na mara nyingine anasema kweli.

Kioo chekundu kidogo kinachorudisha mwanga kinabadilisha hesabu hiyo, kwa sababu taa za gari zinakigonga mbali. Kifungwe nyuma ya gunia la mwisho, si kwenye chuma cha kinga, maana pale magunia yanakifunika. Kama hakuna kioo, kitambaa cheupe kilicho safi ni bora kuliko kukosa kabisa. Mfuko mweupe wa unga uliokwisha, ukishonwa juu ya mzigo, unaonekana.

Mambo haya si mapya. Mkataba wa barabara wa Vienna, wa tarehe 8 Novemba 1968, unataka kila baiskeli iwe na breki inayofanya kazi, kengele, kioo chekundu nyuma, na taa: nyeupe au ya njano mbele, nyekundu nyuma. Nchi yetu ilijiunga na mkataba huo mwaka 1977, ikiitwa bado Zaïre, na sheria yetu ya barabara ni ile namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Sheria zipo. Kinachokosekana ni kitu kilichofungwa kwenye mzigo.

Mvua zikianza, kuanzia mwezi wa kumi na moja, hatari inabadilika. Ukingo wa lami unaliwa na maji, na udongo wa pembeni unashuka chini kuliko lami. Anayeshuka ghafula anaanguka upande, na anayetaka kurudi juu gurudumu lake linateleza kwenye ukingo na kumtupa mbele ya magari. Ukishuka, endelea chini mpaka upate mahali palipo sawa. Na dimbwi usiliamini: maji hayaonyeshi kina cha shimo. Watoto wanaokwenda shule kwa kinga toka Kasapa au Ruashi waambiwe hilo kabla ya mvua ya kwanza. Waambiwe pia wafuatane mmoja nyuma ya mwingine, wasiende wawili bega kwa bega wakiongea.

Na sisi wamama, sehemu yetu ni ipi? Tuanze na namna ya kununua. Mara ngapi tunamwita papa wa makala toka ng'ambo ya barabara, naye anasimama pale pale juu ya lami, tunaanza kubishana bei huku magari yanamkwepa? Mwambie kwanza aingie uani au ateremke kabisa pembeni. Bei itangoja. Tena, tusimlazimishe kufika kabla ya mapambazuko. Ukiweka gunia moja la akiba nyumbani, yeye anaweza kutembea mchana, na bukari yako haitachelewa. Kama una mtu wako wa kila juma, mnunulieni kioo chekundu ninyi majirani watatu au wanne pamoja. Mkigawana, kila mmoja atatoa kidogo.

La mwisho linatuhusu tukiwa ndani ya gari. Teksi yenye usukani kuume ikisimama pembeni, dereva yuko upande wa majani, na abiria wa mbele yuko upande wa magari yanayopita. Mlango ambao unaweza kumwangusha mtu wa kinga si wa dereva, ni wako. Kabla ya kuufungua, geuka, angalia nyuma, kisha fungua kidogo kidogo. Mfundishe na mtoto aliye magotini mwako.

Safari njema kwenu nyote.