Kiwanja cha Mudzipela na masomo ya urubani

Bunia – Familia moja ya Mudzipela imekaa mara tatu kujadili jambo moja. Kijana wao, mwenye diploma ya serikali, anataka kuwa rubani, na pesa ya masomo itatoka kwenye kiwanja alichoacha marehemu baba yake.

Njia ni mbili. Kuna Soroti, Uganda, kwa barabara ya Mahagi na Goli, chuo kilichofunguliwa 1971 wakati wa Jumuiya ya zamani. Huko mtu husoma mfululizo mpaka leseni ya kazi pamoja na kibali cha kuruka kwa vyombo. Na kuna Wilson, Nairobi, ambako mafunzo hununuliwa vipande vipande: leseni binafsi, halafu saa za kuruka, leseni ya kazi, mwisho kibali cha vyombo.

Kibali hicho ndicho kinachomruhusu rubani kuingia ndani ya wingu akitazama saa na sindano zilizo mbele yake tu. Mwanafunzi huvalishwa kofia inayomziba asione nje. Anayejua mawingu yanavyofunika Milima ya Buluu saa za mchana haulizi kinafaa nini. Julai 2011, Boeing 727 ya Hewa Bora ilianguka Kisangani ikijaribu kutua katika mvua kubwa.

Baba mdogo anapenda Nairobi: pesa ikiisha, kijana anapumzika na kuendelea baadaye. Mama haafiki. Leseni binafsi haimruhusu mtu kulipwa, na kiwanja kitakuwa kimeshakwenda. Mama ana haki. Tena, kwa kanuni za kimataifa, leseni ya kazi inadai saa 200 za kuruka, ila 150 zinatosha kwa aliyesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Saa 50 za petroli ya ndege si jambo dogo.

Lakini kuna swali ambalo halikuulizwa mpaka kikao cha tatu: akirudi, atarusha ndege ya nani? Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini leseni ya Uganda haikugeuka kuwa ya Kongo. Ndege iliyosajiliwa kwetu inataka leseni iliyotolewa au kukubaliwa na mamlaka ya anga, AAC, Kinshasa. Na kibali cha vyombo, katika nchi nyingi, hupimwa upya kila mwaka. Anayekaa nyumbani akingoja kazi anakiona kikifa mkononi, na kukifufua ni pesa nyingine.

Kuna pia lugha. Kijana alisoma kwa Kifaransa. Soroti na Nairobi wanafundisha kwa Kiingereza, na rubani wa safari za kimataifa anatakiwa kufika angalau kiwango cha 4 kati ya 6.

Kwa hiyo wamekubaliana aanze na daktari wa anga, maana macho au moyo vikikataa, hakuna chuo kitakachosaidia. Halafu AAC iandikiwe kuhusu leseni ya Soroti. Jioni anakwenda darasa la Kiingereza. Kiwanja bado hakijauzwa.