Tulikwenda Leiden Kumwangalizia Binti Yetu Chuo

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii tuliikariri tukiwa shule ya msingi bila kuitilia maanani. Tuliielewa mwaka 2024 katika mji wa Leiden huko Uholanzi, tulikokwenda kumwangalizia chuo binti wa mwenzetu.

Tulikuwa akina mama wanne wa usharika mmoja wa hapa Arusha: mwalimu, mshonaji, mke wa mchungaji, na muuguzi anayeandika haya. Usharika rafiki wa Uholanzi ulitualika kwa wiki mbili. Jumapili tuliyoaga kanisani, mama mmoja mjane alitufuata hadi langoni. Binti yake alikuwa mwaka wa tatu akisomea sheria katika chuo kimoja hapa nchini, naye alikuwa amepata nafasi ya kusoma muhula mmoja Leiden kuanzia Februari 2025.

"Dada zangu," alituambia, "mimi huko sikujui. Nina kiwanja kimoja tu alichoniachia marehemu. Nendeni mkaangalie kama kweli inafaa nikiuze."

Maneno hayo tulisafiri nayo. Tulikuwa tumemwona kijana mmoja, jirani yetu, aliyekwenda kusoma muhula nje kwa shangwe kubwa. Aliporudi aliambiwa masomo aliyofaulu kule hayalingani na ya chuoni kwake, akarudia mwaka mzima. Hatukutaka yampate na binti huyu.

Tulifika siku ya sikukuu

Kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol hadi Leiden ni mwendo wa treni usiofika nusu saa. Tulishuka Alhamisi tarehe 3 Oktoba, tukiwa na daftari la maswali, tukakuta mji mzima uko barabarani na chuo kimefungwa. Wenyeji walitucheka kwa upole. Hatukujua kwamba tarehe hiyo ndiyo siku kuu ya mji wao.

Mwaka 1574 Leiden ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Hispania, na watu walikuwa wakifa kwa njaa na maradhi. Waholanzi walikata kingo zinazozuia maji, wakaiacha nchi yao wenyewe ifurike ili mashua zipite zikawaokoe waliozingirwa. Tarehe 3 Oktoba mashua ziliingia zikiwa na samaki aina ya heringi na mkate mweupe. Hadi leo siku hiyo watu hupewa heringi na mkate, na majumbani hupikwa viazi, karoti na vitunguu vikapondwa pamoja. Tulikula chakula hicho kwa mama mmoja wa usharika rafiki. Mshonaji wetu alisema kingepata chumvi na ndimu kidogo, kingekuwa cha kwetu kabisa.

Mwaka 2024 ilitimia miaka 450 tangu ukombozi huo. Chuo Kikuu cha Leiden kilianzishwa mwaka 1575, miezi michache tu baada ya njaa ile, na Mwanamfalme William wa Orange. Ni chuo kikuu cha kwanza kabisa katika nchi hiyo. Sisi tulishangaa: watu waliotoka kuzika wenzao kwa njaa, jambo la kwanza wakaanzisha shule.

Mji wenyewe

Leiden ni mji wa mifereji ya maji, madaraja mafupi na baiskeli nyingi kuliko tulivyowahi kuona. Baiskeli zina njia zake, mara nyingi zenye rangi nyekundu, na asiyejua akisimama humo hupigiwa kengele kwa hasira. Mwalimu wetu alinusurika mara mbili siku ya kwanza.

Kando ya mfereji uitwao Rapenburg liko jengo la kale la chuo. Ndani yake kuna chumba kidogo ambacho wanafunzi walikuwa wakisubiri matokeo ya mtihani. Wenyewe wanakiita chumba cha kutoa jasho, na kuta zake zimejaa saini za waliofaulu. Sisi wauguzi tuna habari nyingine ya mji huu. Hapa ndipo daktari Herman Boerhaave, aliyefariki mwaka 1738, alipowafundisha wanafunzi wa udaktari kando ya vitanda vya wagonjwa. Alikuwa na vitanda 12 tu, na wanafunzi walimjia kutoka nchi nyingi za Ulaya.

Kitivo cha sheria kiko katika jengo liitwalo Kamerlingh Onnes, ambalo zamani lilikuwa maabara ya fizikia. Humo ndimo gesi ya heli ilipogeuzwa kuwa kimiminika kwa mara ya kwanza duniani, mwaka 1908. Leo wanafunzi wa sheria wanasoma humo, na wale wa nchi za nje huchagua masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza.

Sanduku la Maria

Mwanasheria maarufu aliyesoma Leiden ni Hugo Grotius. Aliingia chuoni mwaka 1594 akiwa na umri wa miaka 11. Kitabu chake juu ya sheria ya vita na amani, kilichotoka mwaka 1625, bado hutajwa popote panapofundishwa sheria ya kimataifa. Lakini sisi akina mama tulivutiwa zaidi na mkewe, Maria van Reigersberch.

Mwaka 1619 Grotius alihukumiwa kifungo cha maisha kwa sababu ya ugomvi wa dini na siasa, akawekwa katika ngome ya Loevestein. Maria alikaa naye humo. Aliruhusiwa kuleta na kurudisha vitabu katika sanduku kubwa, na akagundua kwamba walinzi wamechoka kulikagua. Alimfanyisha mumewe mazoezi ya kulala ndani ya sanduku bila kutikisika. Siku moja ya Machi 1621 walinzi wenyewe walilibeba sanduku nje, wakidhani ni vitabu. Mfanyakazi wao wa nyumbani, Elsje, alilisindikiza hadi mahali pa salama, na Maria akabaki nyuma.

Tulipoisikia habari hiyo tulitazamana. Maria hakukurupuka. Alijua njia yote ya sanduku, tangu linapofungwa hadi litakapofunguliwa. Nasi tulikuja tukiwa tumefikiria tu litakavyofungwa.

Swali ambalo hatukuliandika

Ijumaa ofisi zilifunguliwa. Mhudumu alitueleza kwa adabu kwamba hawezi kuzungumzia faili la mwanafunzi na watu wengine, hata wakiwa mama zake wadogo, lakini maswali ya jumla angeyajibu. Tulimwuliza juu ya karo, chumba na baridi. Alijibu yote, kisha akatuuliza yeye: "Chuo chake cha nyumbani kinafunga lini?"

Hatukuwa na jibu. Tulimpigia simu binti, naye akaanza kuhesabu. Leiden muhula wa kwanza huanza Septemba hadi mwishoni mwa Januari, na wa pili huanza Februari hadi katikati ya mwaka. Chuoni kwake muhula wa kwanza ulikuwa unaanza mwishoni mwa Oktoba, na mitihani yake ni Februari na Machi. Angeondoka Januari, angeacha mitihani hiyo nyuma, na masomo yote ya muhula ule yangekuwa hayana alama. Kiwanja kingeuzwa ili binti anunue mwaka wa kurudia.

Angekwenda Septemba, angerudi mwanzoni mwa Februari, kabla ya muhula wa pili wa nyumbani. Angekosa muhula mmoja tu wa kwao, na huo ndio ungefidiwa na masomo ya Leiden.

Hata hivyo kufidiwa hakuji kwenyewe. Huko Ulaya masomo huhesabiwa kwa pointi, na muhula kamili ni pointi 30. Uholanzi pointi moja ni saa 28 za kazi, kwa hiyo muhula ni saa 840, na nyingi kati ya hizo ni za kujisomea. Alama hutolewa kati ya 1 na 10. Kufaulu ni kama 6, na mwenye 8 husifiwa. 10 ni nadra. Mkuu wa idara wa nyumbani asipojua hayo, 7 ya Leiden anaweza kuiona ndogo. Tena sheria yetu ilitoka kwa Waingereza, inategemea sana hukumu zilizotangulia, na ya Waholanzi imejengwa juu ya vitabu vya kanuni. Masomo kama sheria ya ardhi ya Tanzania lazima ayasome kwao. Leiden anaweza kusoma sheria ya kimataifa, haki za binadamu, na ulinganisho wa sheria.

Tuliandika katika daftari: orodha ya masomo, idadi ya pointi na jinsi ya kubadili alama, vyote viwe kwenye karatasi moja yenye saini za vyuo vyote viwili kabla ya tiketi kukatwa.

Chumba, pesa na afya

Msomaji mpendwa, ikiwa nawe una mtoto anayejiandaa, pokea haya machache.

Vyumba Uholanzi ni haba. Chuo humsaidia mgeni anayeomba mapema, lakini vyumba vyake huisha. Usitume pesa ya dhamana kwa mtu aliyeweka picha ya chumba ambacho hakuna mtu wako aliyekiona. Atakayekaa zaidi ya miezi 3 huhitaji kibali cha kukaa, ambacho chuo ndicho humwombea, na lazima aonyeshe kwamba ana pesa za kujikimu. Kiwango hubadilishwa kila mara, hivyo ulizeni cha mwaka huo. Kama vyuo viwili vina mkataba wa kubadilishana wanafunzi, kwa kawaida karo hulipwa nyumbani tu. Msitegemee vibarua: mwanafunzi wa kutoka kwetu haruhusiwi kuzidisha saa 16 kwa wiki, mwajiri lazima amwombee kibali, na bima ya afya nayo hubadilika akianza kazi.

Kwa upande wa afya, mgonjwa haendi hospitali moja kwa moja isipokuwa kwa dharura. Huanza kwa daktari wa mtaa, ambaye mara nyingi atamwambia apumzike na anywe parasetamoli. Asidhani anadharauliwa. Waholanzi ni wabahili sana wa dawa za viuavijasumu, na hapo sisi wauguzi tunawaunga mkono. Mwenye dawa za kila siku abebe za kutosha pamoja na barua ya daktari wake.

Kubwa zaidi ni giza. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa 3 asubuhi na kuzama saa 10 na nusu jioni. Kijana wa kutoka kwetu anaweza kunyong'onyea bila kujua sababu. Atembee nje mchana, ale na wenzake, na awe na siku maalumu ya kuongea na nyumbani.

The Hague, na njia ya kurudi Arusha

Jumamosi tulipanda treni hadi The Hague, kama robo saa kutoka Leiden. Tulisimama mbele ya Kasri la Amani, lililofunguliwa mwaka 1913 kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie. Humo wamo majaji 15 wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Jaji Julia Sebutinde wa Uganda aliingia humo mwaka 2012, mwanamke wa kwanza wa Afrika. Ni mahakama hiyo iliyotoa hukumu ya mpaka wa baharini kati ya Kenya na Somalia mwaka 2021.

Hapo mke wa mchungaji aliuliza lililokuwa mioyoni mwetu: "Sasa kwa nini mtoto wa Arusha aje huku kutafuta mahakama?" Ni kweli. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa Arusha hadi 2015. Tulikuwa wasichana tarehe 2 Septemba 1998, ilipotoa hukumu ya Akayesu, hukumu ya kwanza ya kimataifa kusema kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Tulipita nje ya jengo lile bila kujua kwamba ndani wanawake wa Rwanda wametendewa haki ambayo dunia haikuwahi kuitamka. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu nayo iko Arusha. Na chombo kilichorithi kazi za ile ya Rwanda kina matawi mawili: Arusha na The Hague.

Tulikubaliana kwamba jibu liko hapo hapo. Binti aende, asome, kisha arudi ayaone ya kwao kwa macho mapya.

Tulipofika nyumbani tuliketi na mama na binti yake. Binti alilia, maana wenzake walishajua anaondoka Februari. Mama hakusema neno hadi tulipomaliza. Kisha aliuliza, "Kwa hiyo kiwanja?" Tukamwambia kisubiri. Miezi iliyoongezeka iliwapa nafasi ya kutafuta ufadhili, usharika ukachangia nauli, na kiwanja hakikuuzwa.

Binti alisafiri mwishoni mwa Agosti 2025. Uwanjani KIA mama yake hakumkagua sweta wala soksi. Alimwomba ile karatasi yenye saini, akaisoma mstari kwa mstari, akarudisha nakala mkobani mwa binti. Ile nyingine aliikunja akaiweka kwenye kitabu chake cha nyimbo.