Riwaya, Barua na Gazeti: Mazingatio Juu ya Nathari ya Kihispania

Miaka mingi iliyopita nilikataa pendekezo la utafiti la mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyetaka kuchunguza barua za wasomaji katika magazeti ya Kiswahili. Nilimweleza kwamba lugha ya magazeti ni lugha ya haraka, isiyostahili tasnifu, nikamtaka arudi baada ya wiki mbili na mada iliyohusu riwaya. Wakati huohuo nilikuwa nikijisomea jioni nathari ya Kihispania, lugha niliyojifunza nikiwa masomoni Ulaya. Sikuona uhusiano wowote baina ya mambo hayo mawili. Makala haya yanaeleza jinsi nilivyouona baadaye.

Mwaka 1554 kilichapishwa kitabu kidogo kiitwacho Lazarillo de Tormes, ambacho mwandishi wake hajulikani hadi leo. Wahakiki hukitaja kuwa chanzo cha riwaya ya ayari. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, la kuzingatiwa kwanza ni umbo lake: kitabu chote ni barua. Msimulizi, Lázaro, anamwandikia bwana mmoja mkubwa aliyetaka maelezo juu ya jambo fulani linalomhusu, nasi twagundua mwishoni kuwa ni uvumi juu ya mkewe na padri. Anajieleza tangu utotoni: njaa, mabwana aliowatumikia, mapigo ya kipofu. Na kazi yake sasa ni nini? Ni mpiga mbiu wa mji wa Toledo. Hutangaza mvinyo unaouzwa, vitu vilivyopotea na makosa ya wahalifu. Gazeti la Madrid halikuanza hadi mwaka 1661, na la kila siku hadi 1758. Lakini mtangazaji wa habari alikwisha kuingia katika riwaya. Kanisa lilikipiga marufuku kitabu hicho mwaka 1559. Kiliporuhusiwa tena mwaka 1573, sura mbili, ya mtawa na ya mwuza hati za rehema, zilikuwa zimeondolewa.

Don Quijote (1605 na 1615) nitaipita, si kwa dharau, bali kwa kuwa haina uhaba wa wafafanuzi. Aliyenishika mimi ni Mariano José de Larra, aliyezaliwa mwaka 1809 na kujiua mwaka 1837, kabla hajatimiza miaka 28. Alikuwa mwandishi wa magazeti, na ijapokuwa aliandika riwaya pia, sifa yake imesimama juu ya makala. Iliyo maarufu zaidi, ya mwaka 1833, yahusu Mfaransa anayefika Madrid akiamini kuwa siku 15 zitamtosha kumaliza shughuli zake. Kila mlango anaobisha anaambiwa arudi kesho: bwana hajaamka, bwana ametoka, bwana amelala mchana, bwana amekwenda kutazama mchezo wa ng'ombe. Baada ya miezi sita anarudi kwao mikono mitupu. Ndipo Larra anapojigeuzia kalamu mwenyewe, akikiri kuwa hata makala hiyo aliiahirisha siku baada ya siku. Hapa mna mhusika, mna majibizano, mna msimulizi asiyejitoa lawamani. Ni vigumu kuona ni kipi cha riwaya kinachokosekana, isipokuwa urefu.

Benito Pérez Galdós alianzia magazetini pia. Mwaka 1888 mjane mmoja aliuawa katika mtaa wa Fuencarral, Madrid. Magazeti yaliishughulikia kesi hiyo kwa bidii kubwa, na mtumishi wa marehemu alinyongwa mwaka 1890. Galdós aliwaandikia habari zake wasomaji wa gazeti la La Prensa la Buenos Aires. Mwaka 1889 akatoa riwaya mbili juu ya kifo cha kubuni ambacho mji mzima unakijadili: La incógnita, ambayo ni mfululizo wa barua, na Realidad, iliyoandikwa kwa majibizano matupu. Katika ile ya kwanza mwandishi wa barua anakusanya minong'ono yote ya mji, wala haufikii ukweli. Barua tena, na uvumi tena, kama kwa Lázaro.

Mwaka 1920, katika tamthilia ya Valle-Inclán, mhusika mmoja alimwita Galdós mtu wa dengu, yaani mwenye lugha ya chakula cha kila siku. Wanaotumia kejeli hiyo mara nyingi husahau kwamba tamthilia yenyewe ilitolewa kwanza kwa mafungu katika jarida la kila wiki. Niliposoma hayo nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.

Pendekezo lile lingali katika kabati la ofisi yangu. Pembeni nimeandika kwa wino mwekundu kwamba mhusika aje baada ya wiki mbili. Hakuja. Sasa nimeanza kuzikusanya barua hizo mwenyewe, na nimekwisha kugundua kwamba za miaka aliyoitaka ni haba, maana matoleo mengi ya wakati huo hayakuhifadhiwa.